Herufi Zisizoonekana Juani

Siku ya soko kila mtu mjini Kisii ana haraka, isipokuwa Manasseh Okemwa. Alikuwa amesimama mbele ya printa katika duka la fotokopi, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho, akingoja kurasa mia mbili na kumi na mbili zitoke. Foleni nyuma yake ilifika mlangoni. Aliyemfuata alikuwa msichana wa jinzi na blauzi ya rangi ya chungwa, nywele kazisuka mafundo makubwa, mkononi karatasi moja tu.

"Mwalimu," akasema msichana, maana mwalimu hujulikana hata akinyamaza, "hii ni kitabu ama ni adhabu?"

Foleni ikacheka. Manasseh akageuka na uso wa darasani.

"Ni notsi za kozi. Miche ya ndizi. Wanafunzi wangu wanasoma kwa mtandao."

"Kama ni kwa mtandao, unaprint za nini?"

"Kwa simu hawasomi. Wakifungua tu, wanatoroka."

Msichana akachukua ukurasa wa juu bila kuomba ruhusa. Maneno yalijaa ukingo hadi ukingo, hakuna picha, hakuna pa kupumulia. "Hata mimi ningetoroka," akasema. "Naitwa Abigael Nyangate. Jumatatu naanza kazi chuo fulani hapa juu, kutengeneza kurasa za kozi. Na kama ni chuo chako, wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza."

Kilikuwa chuo chake. Wakanywa chai pamoja siku hiyo, na siku iliyofuata, na kufikia wiki ya tatu mhudumu wa hoteli alikuwa haulizi tena wanataka nini.

Abigael hakuzigusa zile notsi. Alimpeleka Manasseh shambani kwa mama yake Manasseh mwenyewe, kijijini Magwagwa, akamwambia afundishe kwa mikono: chimbua chipukizi, kata mizizi, osha, panda. Kila hatua akaipiga picha. Mwanamke akishaipiga mikono ya mwanamume picha arobaini, hana haja ya kusema kitu kingine.

"Geuza mkono, babe. Hivyo. Una mikono mizuri kuliko sentensi zako."

"Unanitusi ama unanipenda?"

"Vyote viwili. Usitikisike."

Kurasa zilipokamilika, mkurugenzi Ogoti aliziangalia kwenye skrini kubwa ya ofisini akapiga makofi. Ukurasa wa kwanza na wa pili zilikuwa picha tupu. Kuanzia wa tatu yalikuja maelezo, herufi nyembamba za kijani hafifu juu ya weupe, rangi za chuo, safi kama kitambaa cha meza ya harusi. Abigael mwenyewe alizipenda mno. Mimi nasema hapo ndipo alipoteleza, kwa kuzipenda akiwa amekaa ofisini.

Baada ya wiki mbili, wanafunzi arobaini na mmoja kati ya sitini walikuwa wamekwama ukurasa wa tatu. Ogoti akatoa tangazo: kama nusu ya wanafunzi wote hawatakuwa wamemaliza sehemu ya kwanza kufikia Jumatatu ya wiki ijayo, kozi inafungwa.

Manasseh alikuwa amekwishapata dokezo. Mwanafunzi wake mmoja wa Sironga, mama mkulima wa chai aitwaye Edinah Nyamweya, alimpigia simu akasema, "Mwalimu, picha nimeona. Maneno sioni." Basi Manasseh akafanya alivyozoeshwa na miaka minane ya ualimu: akapeleka ripoti kwa mkubwa. Hakumwambia Abigael. Alidhani atamwambia jioni, taratibu, juu ya chai.

Ogoti hakungoja jioni. Alimwita Abigael saa nne asubuhi, mbele ya makarani wawili. "Mwalimu mwenyewe amesema kurasa zako hazisomeki. Kozi isipofungwa, wiki ijayo tutatumia zile zilizotengenezwa tayari, za kununua. Wewe utabandika tu."

Abigael alipiga simu akiwa kwenye ngazi.

"Manasseh, ulienda kwa Ogoti?"

"Sweetie, nilikuwa nataka kukuambia jioni..."

"Nimekuuliza, ulienda?"

"Nilienda. Lakini sikusema vibaya. Nilisema kuna mama haoni."

"Kazi yangu ina shida, unaambia bosi kwanza? Mimi ni nani kwako, sekretari?"

"Abi, hiyo ndiyo njia ya kazi. Unafuata ngazi."

"Basi uoe hiyo ngazi." Akakata.

Simu ikalia mara sita siku hiyo, na kesho yake mara tisa. Hakuishika. Kilichomuuma hakikuwa ripoti. Alikuwa ameanza kumwona Manasseh katika miaka yake yote iliyobaki, na sasa alijiuliza swali moja: mtu huyu, siku watu wakubwa wakinikalia shingoni, atasimama upande gani?

Lakini Abigael si mtu wa kulia nyumbani na huku kazi yake inatukanwa. Alhamisi alivaa raba, akaenda Sironga kumtafuta huyo mama asiyeona.

Alimkuta Edinah kwenye kituo cha kuuzia majani chai, saa nane na nusu mchana, ameketi juu ya nyasi na wanawake wengine wanane, mifuko ya majani mbele yao, wakingoja lori. Lori huja linapotaka. Hapo ndipo walipokuwa wakisomea, kwa sababu asubuhi wanachuma na jioni wanapika. Hakukuwa na kivuli hata cha kulaza kuku.

"Mama, niangalie simu yako kidogo?"

"Angalia, mwanangu. Labda wewe una macho mapya."

Abigael akafungua ukurasa wa tatu. Aliona mawingu. Aliona uso wake mwenyewe, na mpasuko wa kioo ukipita puani. Maneno aliyoyapanga wiki nzima hayakuonekana hata moja. Akaiinamisha simu, akaifunika kwa kiganja, akaingiza kichwa ndani ya leso ya Edinah, na wanawake wakaangua kicheko.

"Sasa umefanya vile sisi hufanya," akasema Edinah. "Shingo inauma, mtu anaacha. Si kwamba hatutaki kusoma."

"Kosa ni langu, mama."

"Mwalimu alisema kwa simu ni lake."

"Mwalimu gani?"

Edinah akaelekeza kidevu barabarani. Manasseh alikuwa anashuka na furushi la karatasi begani, viatu vya ofisi vimejaa vumbi, shati limelowa mgongo mzima. Alikuwa anawagawia sehemu ya kwanza, iliyochapwa kwa herufi nene, kijiji kwa kijiji.

"Abi," akasema, akasimama mbali kidogo.

"Usiniite Abi mbele ya watu."

"Nilikosea. Nilipaswa kuja kwako kwanza. Niliogopa kukuumiza, nikaenda kukuumiza zaidi."

"Uliogopa Ogoti."

Manasseh akahamishia furushi bega la pili. Wanawake tisa wakamgeukia, maana hakuna aliyetaka kupitwa.

"Ndiyo," akasema. "Niliogopa Ogoti."

Hilo jibu lilimpokonya Abigael maneno yote makali aliyokuwa ameyaandaa. Akasogea kumpa nafasi. "Weka hizo karatasi chini ukae hapa. Mama Edinah, mimi nabadilisha rangi, wewe unaniambia umeona ama hujaona. Usinihurumie."

Akafungua kompyuta yake pale pale nyasini. Kijani kikaondoka, weusi mzito ukaingia. Herufi zikanenepa. Edinah akasema bado. Zikanenepa tena. Kila ukurasa ukabaki na mkono mmoja wa Manasseh na sentensi mbili chini yake.

"Hii nasoma," akasema Edinah, simu kaishika mbali, jua utosini. "'Osha mizizi kabla ya kupanda.' Hii nasoma kabisa!"

"Ogoti atasema umetupa rangi za chuo," Manasseh akanong'ona.

"Atasema. Kitufe cha kuwatumia wanafunzi wote ni hiki. Tunabonyeza ama tunafuata ngazi?"

Manasseh akautazama mkono wake, ule ule uliopigwa picha arobaini, akabonyeza.

Jumatatu asubuhi wanafunzi thelathini na wanane walikuwa wamemaliza. Kozi ilikuwa imepona. Ogoti hakuwa na raha. Aliwaita wote wawili, akasukuma karatasi mezani kwa Manasseh.

"Hapa panasema Abigael alivunja rangi za chuo bila idhini yangu wala yako. Tia sahihi, wewe ubaki na kozi yako."

Abigael alitazama dirishani.

"Sitii," akasema Manasseh.

"Unasema?"

"Kitufe nilibonyeza mimi. Na kesho nitabonyeza tena. Rangi za chuo zilikuwa zinafukuza wanafunzi wa chuo. Kama huyu anaenda, notsi ni zangu na mikono kwenye picha ni yangu. Tunaenda sote."

Ogoti akamtazama kama mtu aliyeona kiti kikiongea. Akaikunja karatasi. "Nitawaandikia barua ya onyo. Wote wawili."

"Andika kwa herufi nene," akasema Abigael, "nitaisoma njiani."

Kwenye ukumbi wa nje Abigael akaegemea ukuta.

"Umesimama," akasema.

"Nilichelewa, lakini nimesimama. Abi, nataka kukuoa."

"Mama yako ni Msabato wa kiti cha mbele. Mimi ni Mkatoliki. Kwake utasimama?"

Manasseh akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Mama yake akaitika kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kutoka Magwagwa, kuku wakisikika nyuma yake.

"Mama, nimepata msichana wa kuoa. Ni yule alikuja kupiga picha."

"Yule wa Katoliki?"

"Huyo."

"Atakuja upande wetu?"

Kabla Manasseh hajafungua mdomo, Abigael akachukua simu. "Mama, ni mimi Abigael. Sitahama kanisa. Na sitakudanganya kwamba nitahama. Lakini mtoto wako nampenda, na sitamwacha."

Kule Magwagwa kikasikika kigoda kikivutwa. Mama akawafukuza kuku kwanza.

"Manasseh," mama akasema mwishowe, "huyu anaongea na mimi hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uko hapo unasikiliza?"

"Niko kando yake, mama. Sitoki."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Basi mlete Jumapili. Safari hii nimuone kwa karibu."