Aliyeamka Kitandani mwa Binti Mfalme

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata Mama Sindano akalicheka. Binti yake aliisukuma sahani kando na kusema, "Onja wewe kwanza."

"Makubwa! Tangu lini mama akamtilia mwanawe sumu?"

Binti hakucheka. Alingoja mpaka mama yake akatafuna na kumeza.

Mama Sindano alikuwa fundi wa mavazi ya filamu, na hii ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya mwanawe wa pekee. Binti huyo aliigiza binti mfalme wa zamani aliyempenda mtunza farasi wa baba yake, akanyweshwa sumu kabla hawajatoroka. Kifo walikipiga picha mwanzo kabisa, kwa kuwa chumba chenye kitanda cha fahari cha binti mfalme kilikuwa cha kukodi. Sasa, watu wa filamu wana mwiko wao: anayekufa mbele ya kamera hasemeshwi na mtu mpaka mwongozaji amwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Lakini siku hiyo jenereta ilizimika, mwongozaji akatoka mbio kwenda kufoka, na Mama Sindano, kwa fahari ya uzazi, akamwinamia mwanawe kwa utani. "Binti mfalme, amka. Gauni linakunjamana."

Akaamka.

Tangu hapo gauni halikuvuliwa. Nyumba ikanuka mawaridi yaliyoozea majini. Mama akimwita kwa jina lake hageuki. Akiitwa binti mfalme hugeuka taratibu, shingo kwanza, mabega baadaye. Siku alipompima kiuno, Mama Sindano aliupitisha mkono kifuani pa mwanawe kama kwa bahati mbaya, akauacha hapo, akasubiri, akasubiri tena, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu kilichopiga. Aliogopa mpaka utepe ukamdondoka.

Asubuhi yake mhariri wa filamu akamwita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Kaa kwanza, mama," alinong'ona. "Kamera ilikuwa na betri yake. Haikuzimika."

Kwenye kioo cha kompyuta, Mama Sindano alijiona akiinama, akamwona mwanawe akiinuka na kumshika mkono, wakatoka wote wawili. Na kitandani, ndani ya gauni lilelile, mwanawe alikuwa bado amelala, midomo ikichezacheza.

"Kila nikiifungua picha hii amesogea," mhariri alisema. "Jana alilala chali. Leo ameuelekea mlango."

"Anangoja kuitwa," Mama Sindano alisema. Ni yeye aliyemwacha.

Akakisogelea kioo, akaliita lile jina alilomwimbia akiwa kichanga mgongoni, na mwanawe akafumbua macho, mama akaliita tena huku machozi yakimwingia mdomoni, na mwanawe akajiinua, akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia hodi kwa mbali, akashusha mguu mmoja sakafuni, na hapo harufu ya mawaridi ikajaa ofisini, ijapokuwa mlango ulikuwa umefungwa, na gauni likasikika likiburuzika nyuma ya kiti.

"Mshonaji," sauti ilisema kwa upole. "Unamwita nani?"

Akavuta pumzi amwite tena. Mkono wa baridi, wenye pete ya bandia aliyoigundisha mwenyewe, ukamziba mdomo.

Kwenye kioo mwanawe alitega sikio kwa muda mrefu. Hakusikia mtu. Akaurudisha mguu kitandani, akalala.