Kigoda Kilichopinduliwa

Violeth alikuwa na kazi ya chuo, basi. Hakuwa na ubaya na mtu, wala hakwenda kuchokoza vya watu. Jumamosi ile jioni, nyumbani kwao Kishanda, alikuwa anatafuta vitu vitatu vya kuchora, ili Jumatatu arudi Bukoba mjini na karatasi ya kumwonyesha Mwalimu Kahangwa.

Na huyo Kahangwa, jamani, alikuwa na masharti kuliko mganga. Usichore kwa kukumbuka. Chora unachokiona, siyo unachokijua. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kwa penseli. Na kabla hujavichora vitu vyenyewe, chora kwanza nafasi tupu iliyo kati yake, maana nafasi nayo ina umbo.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi yake Kokugonza. Mama alishafariki. Baba, Datius, alipotelea ziwani upande wa kisiwa cha Goziba Violeth akiwa na miaka sita, na mwili haukuonekana. Bibi ndiye aliyemlea na kumsomesha. Violeth hakuwa na mwingine duniani. Jioni hiyo Bibi alikuwa kwenye sala ya jumuiya, kwa jirani yao Vestina.

Basi binti akafungua chumba cha baba yake. Kilikuwa na dirisha moja tu, na mwanga wa upande mmoja hutoa vivuli vizuri. Pale ndani kulikuwa na kigoda cha baba. Miaka yote kilikaa miguu juu. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, Bibi akamjibu kwa ukali, "Kiache hivyo hivyo!" Akakiacha. Lakini sasa alikuwa msomi wa sanaa, na alitaka kuchora ule mviringo wa juu, unavyobonyea ukitazamwa kwa upande.

Akakigeuza, akakisimamisha kwa miguu yake.

Pembeni akaweka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mrija wake. Mbele akaweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Vilipendeza kweli. Wee, binti wa Kihaya mzima! Kigoda, pombe, kahawa... huko si kupanga vitu vya kuchora, huko ni kumkaribisha mtu. Ila akili yake yote ilikuwa kwenye vivuli.

Akakaa kitini, akaanza. Akanyoosha mkono, akafumba jicho la kushoto, akapima nafasi kati ya kibuyu na kigoda. Akaichora. Akaitazama karatasi, akashangaa. Nafasi ile ilikuwa na umbo la muundi, na chini yake kisigino.

Akafuta. Akapima tena.

Muundi.

Kisha akasikia... krr. Krr. Mtu anatafuna kahawa.

Akatazama kwa macho yote mawili. Hakuna mtu. Ila kahawa kikapuni zilikuwa zimepungua, na chumba kilinuka maji ya ziwa na nyavu mbichi. Akafumba jicho polepole...

Mbele ya kigoda palikuwa na miguu miwili mitupu, inachuruzika maji.

Mawe, mama yangu! Akataka kuinuka akimbie, magoti yakagoma. Kilichokubali kutembea ni mkono tu, nao ulikuwa unachora wenyewe. Vidole vya miguu. Magoti. Suruali iliyokunjwa. Na kila alichomaliza kukichora, sasa alikiona hata kwa macho mawili.

"Baba?" akanong'ona.

Krr.

"Baba, ni wewe?"

"Waitu..." Aliita kwa heshima ya Kihaya, lakini sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye maji kooni. "Mgeni haachwi peke yake. Chora."

Penseli ikapanda tumboni. Kifuani. Mabegani. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaisha, lakini yule alizidi kuonekana. Umebaki uso, Violeth akawaza, na nikiumaliza ameshaingia, hatoki tena. Machozi yakamtiririka. Akaukaza mkono kwa nguvu zake zote, penseli ikasimama juu ya shingo...

Mlango ukafunguka. Bibi Kokugonza, rozari ingali mkononi.

"Nani amekigeuza?"

"Mimi, Bibi. Siwezi kusimama."

Bibi hakupiga kelele. Alipiga magoti karibu na mjukuu wake, akanong'ona haraka haraka. "Siku baba yako alipopotea, mtu alikuja jioni kuniletea habari. Amelowa. Nikampa kigoda hicho, nikampa kahawa. Akaniambia mwanangu amezama. Nikaanguka chini nalia, sikumsindikiza. Nilipoinua macho, hayupo. Kesho yake wavuvi wakaja na habari ile ile. Nikawauliza kuhusu mtu wao wa jana. Wakasema hawakumtuma mtu."

"Kwa hiyo... si baba?"

"Sijui ni nani. Ninachojua, mgeni asiyesindikizwa hajaondoka. Ndiyo maana nilikipindua, asipate pa kukaa."

Akasimama, akajifunga kitenge vizuri. Akaokota kahawa moja kikapuni, akaitafuna, kisha akanyoosha mkono kuelekea kigodani, kwa adabu zote za mwenye nyumba.

"Waitu, twende nikusindikize."

Mlangoni akageuka. "Wewe usitufuate. Na hiyo picha usiimalize, hata nikikuomba mimi."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Loo, si kila mgeni! Violeth alisikia nyayo za watu wawili zikiingia kwenye migomba, moja kavu, moja ya majimaji. Hapo hapo magoti yakamtii, akainuka. Akakipindua kigoda. Akakimbilia jikoni, akaitupa picha motoni.

Haikushika. Karatasi ilikuwa imelowa chapachapa.

Akakaa kando ya moto anasali Salamu Maria, anairudia, anaikosea, anaianza upya. Alimwogopea Bibi kuliko alivyojiogopea mwenyewe.

Bibi akarudi. Peke yake.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Violeth akamkumbatia, akalia kama mtoto. Mwili wa Bibi ulikuwa wa baridi, na kitenge kimelowa hadi chini. Ni umande, akajiambia. Bibi akaketi karibu na mafiga, akashika mwiko, akakoroga maharage. Jikoni kukawa kama siku zote.

Moshi ukamwingia Violeth jicho la kushoto. Akalifumba.

Mahali pa Bibi alikuwa ameketi yule. Miguu ile ile. Suruali ile ile iliyokunjwa. Mwiko mkononi. Juu ya shingo hapakuwa na kitu, ni weupe tu, weupe wa karatasi.

Akafumbua haraka.

Bibi. Anakoroga maharage.

"Mbona unanikonyeza, mjukuu wangu?"

Mlango ulikuwa hatua tatu tu kutoka pale, lakini magoti ya Violeth yalishaanza kugoma tena. Bibi akaweka mwiko chini. Akaichomoa ile karatasi kwenye majivu, akaikung'uta, akamwekea mjukuu wake mapajani. Kisha akachagua kipande cha mkaa kilichozimika, akakitia katikati ya vidole vya Violeth, akavikunja kimoja kimoja.

"Umebakiza uso," akasema, kwa sauti ya Bibi kabisa. "Nimalizie."