Mlango Uliokwama Kimo cha Goti

Asubuhi mlango wa gereji haukuwa na shida. Ulipanda ukajikunja darini bila kelele, gari likatoka, ukashuka. Lakini saa nane mchana, Martine aliporudi kutoka dukani kwake Bwera, ulipanda hadi kimo cha goti ukasimama. Akibonyeza rimoti tena, ulitetemeka tu. Baada ya robo saa hivi ulipanda wenyewe, mwepesi, kana kwamba mtu aliyekuwa ameuzuia amechoka akaondoka zake. Ikawa hivyo kila siku.

Siku ya kumi na moja Martine akampigia simu Enid, fundi wa milango wa Kasese. Enid alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kazi hiyo alifunzwa na marehemu mumewe, na tangu abaki peke yake hakuna mlango uliowahi kumshinda. Alifika kabla ya saa saba. Akapima reli, zilikuwa zimenyooka. Akazungusha magurudumu, yakazunguka. Springi zilikuwa na nguvu, kamba za chuma zilikuwa sawa kulia na kushoto. Akautenganisha mlango na mota, akaunyanyua kwa vidole viwili, ukapanda hadi juu.

"Mama Martine, hii mlango haina ugonjwa," alisema.

Martine alikuwa amesimama mbali, karibu na geti, vitenge vyake bado begani. "Ngoja saa nane, mama fundi. Utaona."

Enid akaufunga, akasubiri. Saa nane ilipofika akaunyanyua tena. Ukafika gotini, ukagoma.

Aliingiza bega, akasukuma. Chuma kilichokwama yeye alikijua, kimekufa, hakisogei. Hiki kilisogea kidogo, kikamrudisha. Upande wa pili kulikuwa na nguvu iliyopima nguvu zake na kuongeza kidogo tu juu yake. Jua lilikuwa linamchoma mgongo, ila miguuni alipigwa na ubaridi uliotoka ndani, wenye harufu ya tope bichi na majani yaliyooza majini.

Akalala kifudifudi, akamulika tochi chini ya mlango. Gereji ilikuwa tupu, sakafu ya saruji kavu kabisa. Halafu katikati ya sakafu likatokea doa la maji, pana kama unyayo. Likafuata jingine mbele yake, na jingine, yakija upande wake, taratibu, bila mguu wowote juu yake, mpaka la mwisho likatua mbele ya pua yake, na kitu cha baridi kikampitia juu ya shingo, kizito na kirefu, kikichukua muda mrefu kupita, kama ng'ombe anayetambaa, na yeye akabana pumzi na kukaza macho kwenye saruji kwa sababu alijua, bila kuambiwa na yeyote, kwamba akigeuza uso atakiona.

Mlango ukapanda wenyewe hadi darini.

"Umeona?" Martine alinong'ona.

"Nimeona maji."

"Siye tunaona hiyo maji kila siku. Inatoka, kisha magharibi inarudi."

Jioni ile Bénit, mumewe Martine, alikiri. Alikuwa mtu wa Butembo, Kongo, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba, lakini sasa alisema akitazama viatu vyake. Mahali alipojenga gereji palikuwa na chemchemi ndogo. Mama mzee mmoja wa mlimani alimwomba aiachie hata tundu la kupumulia.

"Mie nilicheka," alisema Bénit. "Nikamwambia, maji haiko mutu. Nikamwanga béton, saruji yote hii, juu yake."

Kesho yake Enid alimleta Hajati Naimah, Mnubi aliyezaliwa kambini kwa baba askari, ambaye watu wa Kasese walimwita panapoonekana vitu vya namna hiyo. Hajati hakuwa na mbwembwe. Alichoma ubani, akaweka bakuli la maji katikati ya gereji, akasoma aya zake kwa sauti ya chini. Maji kwenye bakuli yakaanza kupungua. Hayakumwagika, yalipungua tu, hadi bakuli likakauka.

"Kina kiu," alisema. "Bénit! Lete nyundo. Vunja hapo, upesi. Kirudishie nyumba yake."

Bénit alivunja mwenyewe, hakutaka kibarua. Alivunja kuanzia saa nne mpaka saa saba na nusu, jasho likimchuruzika hadi kwenye suruali, akafika kwenye udongo, akachimba kwa sepeto, kisha kwa mikono. Hapakuwa na maji. Palikuwa na mawe meupe na vumbi. Chemchemi ilikuwa imehama au imekufa.

Hajati Naimah alitazama shimo lile, akakusanya vitu vyake, akatoka nje walikosimama Enid na Martine.

"Hajati, unaenda wapi?" Enid aliuliza.

"Mimi nafukuza mwenye kwao. Huyu hana tena kwao." Akamtazama Bénit aliyekuwa amesimama shimoni, ameloa chapachapa, na uso wake ukabadilika. "Wewe! Toka humo! Toka na hilo jasho lako!"

Bénit aliinua kichwa ili aulize. Mlango ukashuka. Haukuwa umeunganishwa na mota, na hakuna aliyeugusa, lakini ulishuka mpaka kimo cha goti ukasimama, na Enid na Martine wakaushika wote wawili wakavuta mpaka kucha zikavunjika, Martine akiita jina la mumewe, Hajati nyuma yao akisoma kwa sauti iliyoanza kupasuka, na ndani kukasikika mtu akinywa, akinywa kwa mafunda makubwa bila kupumzika, ingawa ndani mle hapakuwa na tone la maji, akinywa na kunywa mpaka Enid akatamani mtu huyo apige kelele badala yake.

Kisha kukawa kimya. Mlango ukapanda.

Bénit alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo. Shati lake lilikuwa kavu kama limetoka kupigwa pasi. "Bon," alisema polepole. "Imekwisha."

Na kweli mlango haukukwama tena. Lakini baada ya wiki mbili Martine alimpigia Enid simu. Bénit alikuwa anakunywa majerikeni manne ya maji kwa siku na ngozi bado ilimpasuka. Sasa mdomo wake ulikuwa unafunguka upana wa kidole kimoja tu, kisha unasimama. Madaktari walipima taya, wakapiga picha, wakasema mfupa uko sawa.

"Mama fundi, wewe unajua kufungua vitu vyenye vinakatala," Martine alilia. "Kuya umufungue."

Enid alikwenda, ingawa hakujua anakwenda kufanya nini. Alimkuta Bénit kitandani, amekonda, macho yakimfuata. Akaweka vidole viwili kwenye kidevu, akavuta chini taratibu. Taya ilisogea kidogo, ikamrudisha. Nguvu ya upande wa pili ilipima nguvu zake na kuongeza kidogo tu juu yake, na kwenye upenyo wa midomo ukamtokea ubaridi wenye harufu ya tope.

Akatoa mkono.

Bénit alianza kulia. Machozi yalimshuka hadi pembeni mwa mdomo, na yalipofika pale yalivutwa ndani, tone baada ya tone, kwa sauti ndogo ya pupa. Martine alisogea na kitambaa ili amfute, na Bénit akatikisa kichwa kwa hofu, akiwaomba kwa macho wamwache alie, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ahueni yake pekee: kile kilichomo ndani yake kikinywa machozi, hakikunywa kingine mwilini mwake.