Nilimpa Kocha Maneno ya Kumsema Baraka

Nina miaka ishirini na mbili, naishi Maplewood, huku Marekani, na nawaandikia haya kwa aibu... Aliyemharibia Baraka ni mimi!

Tulikuja pamoja kutoka Kongo, tukasali kanisa moja, tukachukuliwa na timu moja ya chuo cha Minneapolis, mji wa jirani, ile futiboli yao ya kubeba mpira mikononi. Nafasi tuliyoitaka ilikuwa moja. Yeye akaanza kila mechi, mimi nikasugua benchi. Kanisani walimpongeza yeye, mimi wakaniuliza tu kama mama hajambo. Wivu ulinitafuna, jamani, usiombe yakukute!

Mwaka jana Baraka aliamua kuhamia chuo kingine. Mama yake husafishwa figo hospitalini asubuhi, na Baraka ndiye humpeleka, na mazoezi yetu yalikuwa asubuhi hiyo hiyo. Kule walifanya jioni. Aliniambia mimi peke yangu, maana mama yake hakutaka ugonjwa wake ujulikane.

Kocha akaniita, akaniuliza kwa nini mwenzangu anaondoka. Ningeweza kunyamaza... Lakini hata kuondoka kwake kulinikera, eti bado kuna wanaomtaka! Nikasema Baraka amechoka kufanya kazi, anatafuta timu ya kustarehe.

Kesho yake kocha alisimama mbele ya waandishi wa habari. Kwa kawaida makocha humtakia heri mchezaji anayehama, yakaisha. Huyu akasema kuna vijana wanaokimbia jasho, na Baraka ni mmoja wao. Video ikasambaa. Timu mpya ikamwambia Baraka nafasi yake imejaa.

Mama Baraka hajui Kiingereza. Wanawe walikataa kumtafsiria, akaniita mimi, akaweka mezani simu yenye video ile.

"Unielezee yote, mwanangu. Usinifiche."

Nikamtafsiria uongo wangu mwenyewe, neno kwa neno! Akalia, akasema figo zake ndizo zilizomponza mtoto. Ningemwachaje aamini hivyo? Nikamwambia ni mimi.

Aliizima ile simu.

"Sasa enda umwambie kocha," akasema. "Na yeye aseme mbele ya watu, vile vile."

Nilikwenda. Kocha alinisikiliza, kisha akasema hawezi kurudi kwa waandishi kwa ajili ya mchezaji ambaye si wake tena.

Leo Baraka anapakia mizigo kwenye ghala, na nafasi yake nacheza mimi. Nikishangiliwa natamani kujificha... Wasomaji wenzangu, ukiulizwa habari za mwenzako na moyo wako una wivu, nawasihi, funga mdomo! Mama Baraka bado ananiitikia salamu. Baraka haitikii.