Msumari Usio na Kioo

Jumanne ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Kabla ya hapo Mama Kengele alikuwa mtu. Baada ya hapo akawa jalada.

Inspekta alimkuta amelala ubavu ndani ya njia ya baiskeli, mita thelathini kutoka geti la kiwanda cha saruji, amefunikwa shuka jeupe. Shuka lenyewe lilikuwa la mzigo wake. Mama huyu alikuwa dobi wa hospitali; kila asubuhi alifunga vikapu viwili nyuma ya baiskeli akapeleka mashuka aliyoyafua na kuyapiga pasi kwa mkono wake. Sasa yalikuwa yametapakaa lami nzima, na moja lilikuwa limepigwa chapa ya tairi kama muhuri wa ofisi.

Dereva wa lori alikuwa ameketi chini, kichwa katikati ya magoti.

"Ulimwona?"

"Nilisikia kengele tu, afande. Kengele! Mimi nina tani thelathini mgongoni."

"Njia ya baiskeli ulifuata nini?"

"Tuliambiwa leo kona iko wazi, tukate tu, tusipange foleni."

"Mliambiwa na nani?"

"Mlinzi wa geti. Naye kasema kaambiwa."

Askari wa usalama barabarani alikuwa ameshamaliza ripoti yake. Inspekta aliisoma kwa sauti: "Mwendesha baiskeli alihama njia ghafla." Akamtazama. "Alihama kwenda wapi? Si huyu hapa, ndani ya njia yake?"

"Ndivyo tunavyoandika siku zote, afande."

Alisema kweli, na ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Wakubwa wa nchi ile hupita nyuma ya vioo vyeusi, ving'ora mbele, wala hawajui pumzi ya lori inavyounguza shingo ya mtu anayekanyaga pedeli. Maskini akigongwa, huandikwa kwamba alihama.

Njia ile ilikuwa imetengwa na barabara ya malori kwa nguzo fupi za chuma, moja kila hatua mbili. Pale kwenye kona saba hazikuwepo. Inspekta alichuchumaa. Bolti zilikuwa bado zimesimama ndani ya zege, nzima, hesi zake, ile mistari ya kukazia nati, zimepakwa grisi.

"Wezi wa chuma chakavu," alisema Konstebo, msaidizi wake, mtu wa maneno mengi. "Hawa jamaa wangeweza kuiba hata kivuli, kama kingekuwa na uzito."

"Mwizi wa chuma hukata kwa msumeno akakimbia. Huyu amefungua taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwake."

Nguzo zilipatikana nyuma ya ukuta wa kiwanda, zimelazwa sambamba, kila moja na nati zake ndani ya mfuko. Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake, akaambulia michirizi ya glovu.

"Zilitolewa ili zirudishwe," Inspekta alisema. Konstebo aliacha mzaha, akaanza kuhesabu nati.

*

Mkuu wa kituo hakumkaribisha kiti.

"Jalada hili lifungwe kabla ya Ijumaa. Kiwanda kinazindua mtambo mpya, na mgeni rasmi ni mtu mzito."

"Mkuu, kuna mtu alifungua zile nguzo."

"Kuna ajali. Hilo gari la doria unalotembelea, tumepewa na nani?"

"Na kiwanda."

"Umejijibu mwenyewe."

Inspekta alikuwa amelipenda gari lile. Miaka miwili aliliosha mwenyewe kila Jumamosi, akidhani ni zawadi. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani bila kelele, akatoka kwa miguu.

*

Karakana ya baiskeli ilikuwa ya mume wa marehemu, mtu mfupi aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata na mkewe. Nusu ya karakana ilikuwa ofisi ya chama cha waendesha baiskeli: meza moja, sanduku la chuma, viti vya kuazima. Fundi alikuwa ameshika tairi lisilo na kasoro yoyote, analizungusha tu.

"Pole sana, Fundi."

"Pole nimezipata nyingi. Meneja wa kiwanda katuma mtu na shada la maua lenye nembo yao." Alionyesha kwa kidevu. Shada lilikuwa ndani ya ndoo ya mafuta machafu. "Uliza unachotaka kuuliza."

"Nati za zile nguzo. Hazina pembe sita."

"Zina pembe tatu. Nilizichonga mwenyewe, ili spana ya dukani isizishike. Mke wangu alilala siku nne mlangoni kwa idara ya barabara mpaka wakatupa zile nguzo, baada ya mazishi kumi na moja. Ningeacha mhuni azifungue?"

"Spana zake ziko ngapi?"

"Mbili. Moja alitembea nayo mke wangu."

"Tumeikuta kiunoni mwake. Ya pili?"

"Iko ndani ya sanduku lile. Ufunguo anao Katibu."

"Katibu ni nani?"

"Shemeji yangu. Mdogo wake Mama Kengele, tumbo moja. Tulimlea hapa hapa, alipokuwa hajui hata kujaza upepo. Usinitazame hivyo, afande. Yule alimlilia dadake asubuhi mpaka tukammwagia maji."

Inspekta alikuwa anatazama ukuta. Ulikuwa umejaa vioo vidogo vya pembeni vya baiskeli, mistari mitatu, kila kimoja kwenye msumari wake, na chini ya kila msumari jina limeandikwa kwa rangi.

"Hivi vya nini?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alitaka kutabasamu. "Siku nguzo zilipomalizika kufungwa, mke wangu alisimama juu ya kiti hicho akasema: 'Ndugu zangu, ndani ya nguzo hakuna haja tena ya kutazama nyuma. Vueni vioo.' Tukavivua vyote, tukavitundika. Watu walicheza, mwenzangu! Walidhani wameshinda."

"Na hakuna aliyekirudisha?"

"Cha nini? Nyuma yetu kulikuwa na chuma."

Inspekta alisogea karibu. Mstari wa pili, katikati, msumari mmoja ulikuwa mtupu. Ukutani palibaki duara safi ambapo vumbi halikuwa limekaa.

"Fundi, njoo unisomee hili jina."

Fundi alikuja na tairi lake mkononi. Alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Tairi lilimponyoka, likabingirika hadi barazani, likaanguka.

*

Katibu aliletwa kituoni pamoja na baiskeli yake. Kioo kilikuwa kimefungwa upande wa kulia, kinang'aa. Inspekta aliiegemeza baiskeli ukutani ndani ya chumba cha mahojiano, akampa mtuhumiwa onyo la kisheria, kisha yeye na Konstebo wakamkazia macho.

"Mbona mnanitazama hivyo, afande? Nina msiba."

"Hiki kioo umekifunga lini?"

"Sikumbuki."

"Fundi anakumbuka. Jumapili kilikuwa ukutani."

"Basi jana. Jumatatu."

"Kwa nini jana?"

"Nilijisikia tu."

"Watu thelathini na tisa wamevua vioo mwaka mzima. Wewe umejisikia jana. Na leo watu wamekufa."

"Mtu mmoja," Katibu alisema haraka, kisha akafumba macho.

"Ndiyo. Mmoja. Spana iko wapi?"

Konstebo alimsogezea Katibu maji, hakuyagusa.

"Chini ya godoro langu," alisema mwishowe. "Nilifungua jana jioni, watu walipokwisha kurudi makwao. Waliniambia ni siku moja tu. Mtambo unaingia, malori ni mengi, geti jembamba. Jumatano alfajiri nazirudisha, hakuna atakayejua."

"Walikuahidi nini?"

"Usimamizi wa usafirishaji. Ofisi yenye mlango. Afande, mimi tangu nizaliwe ni mdogo wake Mama Kengele. Kwenye mkutano, yeye anasema, mimi naandika. Anawaita wenye kiwanda wanyonyaji, mimi naandika 'wanyonyaji.' Anasema barabara imejengwa kwa jasho la wote na kupewa wachache, watu wanapiga makofi, mimi naandika 'makofi.' Meneja aliniita, akaniuliza jina langu. Jina langu! Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mbona hukumwambia dada yako abaki nyumbani?"

"Angeuliza sababu."

"Ungemwambia basi arudishe kioo chake."

Katibu alianza kulia, kwa kwikwi fupi, kama mtu anayekabwa.

"Leo nilipita mapema, saa kumi na mbili na nusu. Nilitazama kwenye kioo, nikaona lori, nikalikwepa. Nikapita salama. Nikajiambia, kama mimi nimepita, dada naye atapita."

"Yeye hakuwa na kioo."

"Hakuwa nacho."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Meneja ndiye aliyetoa amri?"

"Hata yeye alisema ameambiwa. Siku ile alikuwa na simu sikioni, anaitika tu: 'Ndiyo, mheshimiwa. Siku moja tu, mheshimiwa.' Kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, upande wa polisi umeshawekwa sawa."

Konstebo aliutazama mlango. Nje, gari la doria lilikuwa limeegeshwa, safi.

*

Alhamisi Katibu alisomewa shitaka la kuua bila kukusudia. Meneja aliandika maelezo ya nusu ukurasa: haikumbuki simu hiyo. Inspekta aliomba rekodi za simu. Mkuu wa kituo alipokea ombi, akaligonga muhuri, akaliingiza kwenye droo. Ijumaa mtambo ulizinduliwa. Mgeni rasmi alikata utepe, akazungumzia maendeleo, akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya ajali ya bahati mbaya.

Jumatatu Inspekta alirudi karakanani kumkabidhi Fundi mkoba wa marehemu. Alikuta waendesha baiskeli wamepanga mstari hadi barabarani. Fundi alikuwa anawafungia vioo, mmoja mmoja, bila malipo. Ukuta ulikuwa umebaki misumari.

"Nguzo zimerudishwa," Inspekta alisema.

"Nimeziona. Nani atathubutu kutazama mbele tu sasa?" Alikaza nati, akamruhusu aliyekuwa mbele yake, akajifuta mikono. "Shemeji yangu nimemsikia. Ameniuza, na nitaishi na hilo mpaka niingie kaburini. Lakini dereva aliambiwa na mlinzi. Mlinzi aliambiwa na meneja. Meneja aliambiwa kwenye simu. Wewe ndiye mpelelezi, afande, na hukuja na gari lao, kwa hiyo nakuuliza wewe."

Mstari mzima ulikuwa umewageukia, mikono kwenye breki.

"Nani alisema iwe siku moja tu?"