Saa ya Karani wa Stesheni

Kila jioni, adhana ya magharibi ilipoanza, Fundi Stambuli alikwenda msikitini na binti yake Mwanaheri alibaki dukani na saa za wateja. Enzi hizo za Wadachi, wenye saa za mfukoni pale Morogoro walikuwa wachache, na karibu wote walimjua fundi huyo. Jua likitua, imetimia saa kumi na mbili. Basi Mwanaheri alizitia saa ufunguo moja moja, kisha akausimamisha mshale mrefu wa kila saa juu kabisa.

Jioni moja aliikuta saa ngeni imening'inia ukutani. Ilikuwa ya Leonard, karani wa stesheni. Mshale mfupi ulikuwa chini, penye sita, kwa hesabu ya Wazungu. Hilo Mwanaheri alilijua. Lakini mshale mrefu ulikuwa umeshapita juu kwa dakika kumi na saba. Akaiweka saa sikioni, akaisikia ikienda vizuri.

"Inakimbia tu," akajisemea, akaurudisha mshale juu. Siku hiyo alijiona fundi kamili.

Asubuhi Leonard akaja kuichukua.

"Shikamoo, Bwana Leonard."

"Marahaba, mwanangu. Leo kengele ya garimoshi la pwani napiga mimi. Mwezi uliopita nilichelewa, nikala viboko. Safari hii Mdachi kaapa vitakuwa ishirini na tano."

Alipoondoka, Mwanaheri alitoa swali lililomkera tangu jana. "Baba, kwa nini saa ile inakimbia?"

"Haikimbii. Sisi tunafuata jua, na jua halitui wakati ule ule mwaka mzima. Stesheni hawana habari na jua. Saa yao hutiwa ufunguo tu, mishale haiguswi. Nilisahau kukuambia."

Mwanaheri akachungulia nje; Leonard hakuonekana tena. Angenyamaza, nani angejua? Saa huharibika kila siku. Lakini aliufikiria mgongo wa Leonard, akashindwa kunyamaza.

"Baba, niliigusa. Niliirudisha nyuma dakika kumi na saba."

Fundi Stambuli aliweka kibano chini. "Wewe una mbio kuliko mimi. Mfuate."

Mwanaheri alimkuta Leonard karibu na stesheni, anakula vitumbua bila haraka, saa iko wazi kiganjani.

"Bwana Leonard, saa yako iko nyuma dakika kumi na saba. Mimi ndiye niliyeirudisha."

Leonard alimtazama, akaitazama saa, akaviacha vitumbua na kutimua mbio. Mwanaheri alibaki anahema, hofu imemjaa. Kisha kengele ikalia, na garimoshi likaanza kuondoka taratibu.

Adhuhuri Leonard alipita dukani. "Umenitoa jasho, mtoto wewe," akasema. "Lakini mgongo wangu mzima."

Alipokwenda zake, Fundi Stambuli alimwita binti yake. "Kutaka kujua si kosa. Fundi asiyetaka kujua hanifai. Ila uliza kwanza, ndipo uguse. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, ukweli ukiwa bado unaweza kumwokoa mtu. Ungengoja mpaka jioni, ungebaki kumwomba radhi tu."

Akampa uzi mwekundu, wa kuzifunga saa zote zisizofuata jua.

Magharibi adhana ilipoanza, fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Baba, na saa kubwa ya stesheni, nani huirekebisha?"

Fundi Stambuli alisimama, akacheka. "Hilo hata mimi silijui. Kesho tutakwenda kuuliza."