Mwewe Arubaini wa Babu Jecha

Kuku wetu ndio waliokuwa wakijua mwanzo. Ukimwona koo, kuku mwenye vifaranga, ameacha kupekua, ameinamisha kichwa anatazama juu kwa jicho moja, basi mwewe yupo, hata kama wewe humwoni. Niligundua hilo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikamwambia babu yangu, Mzee Jecha.

"Ahaa," alisema. "Sasa una macho. Utanihesabia."

Kila vuli mwewe wa safari walipita juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu, Mtambile, wakielekea kusini. Babu aliwahesabu tangu ujana wake. Hakuandika. Kila mwewe alimtilia konyo moja kavu, kile kijiti cha karafuu, ndani ya kopo la maziwa, na jioni akayahesabu makonyo. Lakini mwaka ule alianguka mkarafuuni akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Basi nikitoka shule nilikula, nikavua sare, nikapanda kilima na kopo lake, makonyo mfukoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wangapi?"

"Watatu."

"Na ukikuta hakuna?"

"Nakuletea hakuna."

"Barabara. Hakuna nayo ni hesabu."

Alikuwa na haja moja tu: kuliona kundi mara moja tena. "Siku wakifika arubaini," alimwambia baba yangu, "kundi limeanza. Hupita siku mbili tatu, likaisha. Kesho yake mnibebe nikaone." Baba akakubali.

Wiki mbili nilileta wawili, mmoja, hakuna. Siku moja nikapita uwanjani na kopo langu, wenzangu wanacheza nage, wakirushiana mpira.

"Bi Mwewe huyo!" akapiga kelele rafiki yangu Ruweida. "Kwani hao mwewe hawajui kujihesabu wenyewe?"

Wote wakacheka. Nikaliweka kopo chini, nikaingia mchezoni mpaka jua likawa chini.

Njiani kurudi nyumbani nilianza kutia makonyo ndani ya kopo. Nilikusudia matatu tu. Lakini nikakumbuka Babu anavyoutazama mlango kila ninapoingia, na mkono haukusimama.

"Wangapi?"

"Arubaini na mmoja."

Babu alinishika mkono, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku aliyoanguka.

Kesho yake wanaume wanne waliacha kuchuma karafuu. Walimbeba Babu juu ya kitanda chake cha kamba mpaka mgongoni mwa kilima. Njia ilikuwa tope jekundu. Baba aliteleza akachubuka goti. Kila kitanda kilipotikisika Babu alifumba macho, lakini hakulalamika. Tukakaa tangu adhuhuri hata alasiri ikapita. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kunguru.

"Mzee, mwewe wako wamelala?" jirani yetu Talib akamtania.

"Mwewe hana ahadi na mtu," akajibu Babu. Hakunitazama.

Tuliporudi, alingoja watu watoke, akaniita.

"Nadhira, jana ulipanda?"

Niliinamisha kichwa.

"Jana miguu yako ilikuwa haina udongo mwekundu," akasema taratibu. "Niliona. Lakini nilitaka kukuamini. Uwongo ni mwepesi mdomoni, mwanangu. Leo watu wanne wameubeba mabegani, na mimi nimelala juu yake."

Akanitazama, akinipa nafasi. Mimi nikaitazama miguu yangu, leo ina udongo mwekundu.

"Haya," akasema mwisho. "Kesho panda."

Nilipanda. Siku ya nne, kabla sijatoka uani, kuku wote walikimbilia chini ya ghala. Nilipofika juu, mbingu ilikuwa imejaa. Walizunguka bila kupiga mbawa, mmoja juu ya mwengine, kisha wakaelekea kusini. Nilitia konyo moja kwa kila mmoja, wala sikuzidisha. Nikateremka mbio.

"Babu! Sitini na watatu!"

Aliitazama miguu yangu. "Leo nakuamini," akasema. "Nani yupo hapo nje wa kunibeba?"

Hakukuwa na mtu. Baba na wenzake walikuwa wamekwenda kambi ya karafuu, mbali, na kurudi kwao ni Ijumaa. Mimi na mama tulikisogeza kitanda mpaka dirishani, lakini palionekana mshelisheli tu. Babu akaniomba nimweleze walivyoruka. Nilimweleza yote, naye akitikisa kichwa, mkono wake ndani ya kopo.

Ijumaa ilipofika, kundi lilikuwa limeshapita. Babu hakuifikia vuli nyengine.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kila vuli napanda na kopo lile. Nikikuta hakuna, narudi nalo tupu, na mama akiniuliza, namwambia hakuna. Lakini kwanza, kabla ya kufika nyumbani, napita makaburini kwa Babu, nasoma Fatiha, naondoka. Miaka yote hiyo kuna neno lilikuwa halijanitoka. Leo, mbele ya kaburi lake, lilinitoka, kwa sauti, na sikujali nani anasikia.

"Babu, siku ile sikupanda. Nilikuwa nacheza nage."